Ganda lililobuniwa lijae: kujaza upya risasi za .44-40 kwa Winchester ya 1873

*Shikamoo fundi. Naishi Montana mwaka wa kumi na moja sasa, mke wangu ni mzaliwa wa huku na mimi nina uraia. Baba mkwe alifariki mwaka jana akaniachia bunduki ya Winchester ya wenzo (mkono wa chini unaosukumwa na kurudishwa ili kupakia), Model 1873, ya .44-40. Pamoja nayo kuna boksi mbili za risasi za zamani, koleo la chuma lenye kalibu ya kumiminia risasi, na presi yake ya mezani. Risasi za dukani ni ghali na hazipatikani kila mara, kwa hiyo nimeamua kujaza mwenyewe. Aliyenifundisha ni rafiki anayejaza .45 Colt na .44 Magnum. Lakini haya maganda yenye shingo yananishinda. Katika maganda 50 mapya nimeshaponda 9, yanajikunja begani ninapoweka kichwa, na moja limenasa ndani ya kalibu. Yale niliyofanikiwa kuyapiga yalitoka na masizi meusi ubavuni. Rafiki yangu anasema baruti ni kidogo, niongeze, eti .44 ni .44, nifuate vipimo vya Magnum nivipunguze kidogo. Pia anasema zile za zamani nizifungue nitumie maganda yake. Nifuate lipi? Sitaki kuiharibu bunduki ya mzee.*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa msiba. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: vipimo vya Magnum usiviguse, hata vikipunguzwa nusu. Kama kuna risasi uliyokwisha kuijaza kwa vipimo hivyo, itenge leo na uifungue. Mengine yote uliyoniuliza tunaweza kuyazungumza polepole, lakini hilo linaweza kukuondolea jicho.

Viwango vya Marekani vinaiwekea .44-40 kikomo cha shinikizo cha pauni 11,000 kwa inchi ya mraba. Cha .44 Magnum ni 36,000. Namba 44 inayofanana kwenye majina hayo mawili inataja upana wa risasi tu, tena kwa kukadiria. Haisemi lolote kuhusu chuma kinachoizuia isirudi usoni kwako. Na chuma cha 1873 kinafaa ukione kwa macho yako. Hakikisha bunduki ni tupu, fungua ile skrubu moja ya ubavuni, uondoe mabamba ya pembeni. Ndani utaona viungo vilivyoshikana kama paja na mguu. Ukifunga wenzo, goti linanyooka na kuisukuma mbele bolti, kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Kinachoishikilia wakati wa mlio ni ule mnyooko wa goti, pamoja na pini chache. Ni ufundi mzuri sana wa zama zake, laini mkononi kuliko bunduki nyingi za leo, lakini uliwekwa kwa baruti nyeusi ya mwaka 1873. John Browning alipochora Model 1892, aliweka vipande viwili vya chuma vinavyopanda wima na kuifungia bolti pande zote mbili. Ndiyo maana baadaye Winchester waliuza risasi za .44-40 zenye kasi zaidi kwa ajili ya 1892 peke yake. Kagua boksi za mzee: ukikuta herufi W.H.V. kwenye boksi au kwenye kitako cha risasi, hizo hazikutengenezwa kwa bunduki yako hata zilipokuwa mpya.

Kabla sijaendelea, tukubaliane maneno, maana Kiswahili chetu kina neno moja, risasi, kwa madini, kwa kile kinachoruka na kwa kitu kizima unachokitia kwenye magazini. Hapa nitasema *risasi* kwa kitu kizima, *ganda* kwa lile bomba la shaba, *kichwa* kwa kinachoruka, na *fataki* kwa kile kidonge cha kitakoni kinachogongwa na pini. Madini nitayaita madini ya risasi. *Kalibu* nikiitaja peke yake ni ile ya kwenye presi, inayolirudishia ganda umbo au kuweka kichwa; ile nyingine nitaiita kalibu ya kumiminia.

Sasa, ukinielewa jambo moja, matatizo yako yote manne yatajipanga yenyewe. Ganda la .44-40 lilibuniwa lijae. Namba ya pili kwenye jina, 40, ni uzito wa baruti nyeusi kwa greni, na pauni moja ina greni 7,000. Greni hizo 40 zilijaza ganda kabisa, na kichwa cha greni 200 kilikalia juu yake kama kifuniko kinavyokalia gunia lililoshindiliwa. Kichwa hakikuwa na pa kurudi nyuma. Shingo haikuhitaji nguvu ya kukishika, kwa hiyo ilifanywa nyembamba sana: ukuta wake ni kiasi cha inchi 0.007, chini ya moja ya tano ya milimita. Chukua ganda lako moja, libonyeze mdomoni kwa kucha. Linabonyea. Fanya hivyo kwa ganda la .45 Colt la rafiki yako, utahisi tofauti hapo hapo.

Wembamba huo ulikusudiwa. Baruti nyeusi haina shinikizo kubwa, kwa hiyo ganda lilihitaji shingo laini inayotanuka haraka na kuubana ukuta wa chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi), gesi na masizi yasirudi nyuma kwenye mashine. Mtu akipiga .44-40 kwa baruti nyeusi asubuhi nzima, mtutu utachafuka, lakini huku nyuma kwenye goti kunabaki kusafi kwa namna inayoshangaza. Sisi tulioleta baruti isiyo na moshi tumeondoa ule ujazo. Kipimo ni kidogo, ndani ya ganda kuna uwazi, na ganda lile lile sasa linaombwa kufanya kazi ambayo halikuumbiwa.

Tuje kwenye maganda yako tisa.

Rafiki yako hana makosa ya makusudi; anakufundisha alivyozoea. Maganda yake yamenyooka, na kalibu zake za kurudishia umbo zina pete ya kabaidi, zinateleza bila mafuta. Kalibu za maganda yenye shingo kwa kawaida ni za chuma tupu, na shaba kavu ndani ya chuma tupu inanasa. Hilo ndilo lililokupata, na ndilo lililonipata mimi na ganda la kwanza nililojaza peke yangu. Nilisukuma presi ikaenda, nikavuta, kitako kikakatika na ganda likabaki ndani. Nilikaa jioni nzima na drili na skrubu nikilitoa. Kwa hiyo mafuta ni lazima, mafuta ya kazi hii hasa, na yawe kidogo. Namna yangu: nachovya ncha ya kidole gumba na cha shahada kwenye nta ya kulainishia, nazungusha ganda mara moja katikati ya vidole, basi. Begani nisipake kitu. Mafuta yakizidi begani hayana pa kwenda ndani ya kalibu, yanajikusanya na kuibonyeza shaba, unatoka na ganda lenye kijishimo kama cha bati lililopigwa nyundo. Ukishamaliza kulirudisha umbo, lifute likauke, maana ganda lenye mafuta halishiki ukuta wa chemba wakati wa mlio na mzigo wote unaiangukia bolti.

Ganda pia lielekeze kwa vidole linapoingia kwenye kalibu. Ukilipandisha kwa nguvu likiwa limeinama kidogo, ule mdomo mwembamba unagonga ukingo wa kalibu na unajikunja kabla hujajua. Pandisha taratibu, usikilize mkono. Na ule mpanuko wa mdomo unaofanywa kabla ya kuweka kichwa uwe wa kutosha ili kitako cha kichwa kikae chenyewe bila kukwaruza shaba. Ukizidisha, unaichosha shingo bure.

Lakini kujikunja begani wakati wa kuweka kichwa kuna chanzo chake maalumu, na nina hakika ndicho kilichoyamaliza maganda yako. Kalibu yako inaweka kichwa na kukaza mdomo kwa pigo moja. Ganda la .45 Colt linavumilia hilo. Hili halivumilii: mdomo unaanza kukunjwa huku kichwa bado kinashuka, shaba inauma kichwa, nguvu ya wenzo haina pa kwenda isipokuwa begani, na bega linakunjamana kama soksi. Tenganisha kazi hizo mbili. Ilegeze kalibu juu kiasi cha kuweka kichwa tu, pita maganda yote. Kisha pandisha kile kijiti cha ndani, shusha kalibu, upite tena maganda yote ukikaza mdomo peke yake. Zipo pia kalibu za kukazia zenye vidole vinavyobana mdomo kutoka pembeni bila kulisukuma ganda chini. Kwa mtu mwenye .44-40 ni fedha iliyotumika vizuri.

Na pima urefu. Kikomo ni inchi 1.305, lakini muhimu zaidi ni maganda yote yawe sawa. Likiwa moja refu kuliko mwenzake kwa unene wa karatasi mbili tatu, kalibu ile ile italikaza kupita kiasi lile refu na kulikosa lile fupi. Kati ya hayo mawili, lile fupi ndilo la kuogopwa zaidi.

Kwa nini? Magazini yako ni bomba chini ya mtutu. Risasi zinakaa humo kwa mstari, pua ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake, na springi inazisukuma zote. Kila mlio unazitikisa. Zamani ile baruti iliyoshindiliwa ilikizuia kichwa kisirudi ndani ya ganda. Ndiyo sababu kalibu ya kale ya kumiminia vichwa vya .44-40, ile iliyoendelea kuuzwa kwa namba 427098, haikuwa na mfuo wa kukazia (mfereji unaozunguka kichwa, ambamo mdomo wa ganda hukunjwa) hata mmoja. Hakukuwa na haja. Leo ukitia baruti isiyo na moshi chini ya kichwa kile, kuna uwazi nyuma yake na shingo nyembamba isiyo na pa kuuma. Springi na mtikisiko vinakisukuma ndani, nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda. Kwa baruti isiyo na moshi chagua kichwa chenye mfuo, na mdomo wa ganda ukunjwe humo sawasawa. Kisha jaribu: bonyeza pua ya risasi kwenye ubao wa meza kwa nguvu ya dole gumba, upime urefu kabla na baada. Ikifupika hata kidogo, haiendi kwenye magazini.

Pua lazima iwe bapa. Kichwa chenye ncha ndani ya magazini ya bomba ni pini iliyolala juu ya fataki. Bunduki za wenzo zenye uhuru wa ncha ni zile ambazo risasi zake hazipangwi pua kwa kitako, kama Savage 99 yenye magazini ya kuzunguka, au Winchester 1895 yenye boksi chini ya bolti. Hiyo 1895 ya .405 ndiyo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliyoshuka nayo Mombasa Aprili 1909, kwa hiyo pwani yetu imeshaijua bunduki ya wenzo. Yako si ya ukoo huo wa boksi.

Fataki nayo ikae chini ya usawa wa kitako. Pitisha kidole kwenye kila ganda; ukihisi kiuvimbe, irudie. Maganda mapya ya .44-40 huchukua fataki kubwa za bastola. Za bunduki kubwa zina kipenyo kile kile lakini ni ndefu zaidi, zitachomoza, na fataki inayochomoza inaweza kugongwa na bolti kabla goti halijanyooka. Usizibadilishe eti kwa sababu hii ni bunduki.

Nimekaa sana kwenye ganda kwa sababu ndiko wengi wanakokata tamaa. Sasa masizi.

Masizi meusi ubavuni mwa ganda ni alama ya gesi iliyopita kati ya shingo na ukuta wa chemba, kwa kuwa shingo haikutanuka upesi. Rafiki yako ameona alama ya kweli akaisoma vibaya. Ni kweli shinikizo lilikuwa dogo kwa ganda lile, lakini kuongeza baruti hadi ganda litoke safi si njia kwa 1873, maana kikomo cha goti kinaweza kufika kabla ganda halijasafika. Masizi hayo hayaidhuru bunduki. Unayafuta. Ukitaka yapungue, kaza mdomo vizuri ili baruti iwake kwa ukamilifu kabla kichwa hakijaondoka, na kama maganda yameshapigwa mara kadhaa, yalegeze shingo kwa moto. Shaba ikikunjwa na kutanuliwa mara nyingi inakuwa ngumu, haitanuki tena kwa shinikizo dogo, mwishowe inapasuka mdomoni. Moto wa kulegeza ni wa shingo na bega tu. Kitako kikipata moto ganda limekufa, kwa sababu kitakoni ndiko kunakohitajika ugumu. Kwa kuwa yako ni mapya, hilo liache kwanza, na siku ya kwanza ulifanye ukiwa na mtu aliyelizoea.

Nikikusikia ukiuliza, "Basi fundi, wewe ungejaza nini?", jibu langu kwa 1873 ya asili ni baruti nyeusi. Nasema hivyo baada ya miaka mingi ya kujaza za aina zote mbili. Ganda linajaa, kichwa kinapata pa kukalia, shingo inafunga, na kosa baya kuliko yote, kutia baruti mara mbili kwenye ganda moja, haliwezekani kwa sababu ya pili ingemwagika mezani. Maganda ya leo yana kitako kinene kuliko ya kale, kwa hiyo greni 40 hazitaingia. Zitaingia kama 35 hivi, na hiyo inatosha. Sheria yake ni moja isiyovunjwa: uwazi hauruhusiwi. Baruti nyeusi ijae mpaka kichwa kiishindilie kidogo. Uwazi kati ya baruti nyeusi na kichwa unaweza kuupasua mtutu au kuuvimbisha.

Ina gharama zake. Moshi, harufu ya yai bovu, na usafi wa siku ile ile, bila kuahirisha. Masizi yake yanavuta unyevu, mtutu unaota kutu kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Maji ya moto, kitambaa, kausha, mafuta. Maganda nayo yaloweke kwenye maji ya sabuni. Kichwa kinahitaji mafuta laini ya nta ya nyuki na mafuta ya wanyama, kwa sababu mafuta ya petroli yakichanganyika na masizi hayo yanakuwa kama lami. Baruti yenyewe inawaka kwa cheche ndogo sana, kwa hiyo chombo cha kupimia kiwe kile kilichotengenezwa kwa ajili yake, na sigara, jiko na hita viwe mbali na chumba hicho. Kuna mbadala zake pia, kama Pyrodex na Triple Seven. Kila moja ina maelekezo yake kwenye kopo. Triple Seven ina nguvu zaidi na kipimo chake hupunguzwa. Fuata kopo.

Ukichagua baruti isiyo na moshi, na wengi wanaichagua kwa sababu za haki kabisa, mojawapo ikiwa mtutu usiodai maji ya moto, tumia kitabu cha vipimo kilichochapishwa karibuni. Vitabu kama cha Lyman vinatenganisha vipimo vya .44-40 kwa bunduki dhaifu na kwa zilizo imara. Wewe ni wa kundi dhaifu, na unaanza na kipimo cha chini. Hata kama 1873 yako ingekuwa nakala mpya ya Kiitaliano yenye chuma bora, goti ni lile lile na ningekwambia vivyo hivyo. Sikuandikii namba ya greni hapa kwa makusudi: kipimo kinakwenda na jina la baruti, kichwa na fataki kwa pamoja, na namba iliyokatwa kutoka kwenye jedwali lake ni hatari. Baruti kama Unique inachukua sehemu ndogo tu ya ganda, kwa hiyo mara mbili inaingia bila kuonekana ukiwa na haraka. Mimi napanga maganda yote kwenye ubao wa matundu, natia baruti, kisha nachukua tochi nikachungulia kila moja kabla kichwa chochote hakijashuka. Nikiitwa na mtu katikati ya kazi, ubao wote unamwagwa na kuanza upya. Kopo la baruti mezani liwe moja tu.

Na siku moja uwanjani ukisikia mlio wa kufifia, puff badala ya mshindo, usivute wenzo ukaendelea. Kaa kidogo mtutu ukielekea kwenye kifusi, toa risasi zote, upitishe ufito ndani ya mtutu. Huenda kichwa kimebaki humo. Kinachofuata nyuma yake ndicho kinachopasua.

Sasa boksi mbili za mzee. Usizifungue wala usizipige. Fataki za miaka ile nyingi zilikuwa na zebaki, au chumvi za klorati, au vyote. Zebaki ya mlio inaingia ndani ya shaba na kuifanya ikatike kama biskuti, na jicho haliioni. Klorati inaacha chumvi inayoozesha mtutu. Vilevile maganda mengi ya kale yana kitako chembamba kuliko ya sasa, kipimo cha leo hakikuandikwa kwa ajili yake. Zaidi ya hayo, boksi la asili lililojaa lina thamani kwa wakusanyaji, pengine kuliko gharama ya maganda mapya mia kadhaa. Ziweke pakavu, zioneshe kwa mtaalamu wa vitu vya kale.

Lile koleo naomba ulitunze. Kama limeandikwa Ideal, lilitoka New Haven, Connecticut, mji ule ule wa Winchester. Kampuni hiyo baadaye ilinunuliwa na Lyman. Wafugaji na wawindaji walijaza risasi zao jioni kwa makoleo kama hayo, karibu na moto, ndiyo maana .44-40 ilienea: Winchester 1873 ilikuwa ya kwanza ya ukoo wake kutumia ganda ambalo mwenye nalo aliweza kulijaza tena, na zilitoka zaidi ya 700,000. Kwa kuwekea vichwa bado linafanya kazi. Lakini koleo la aina hiyo huirudisha shingo tu, mwili wa ganda haliufikii, kwa hiyo ganda litakuwa na mazoea ya chemba yako peke yake.

Kabla ya kununua kichwa hata kimoja, pima mtutu. Mitutu ya kale ya .44-40 inatofautiana sana: kipimo cha kawaida ni inchi 0.427, lakini nimepima ya 0.425 na nimepima ya 0.430. Safisha mtutu, upake mafuta kidogo, chukua kipande cha madini laini ya risasi kinachozidi tundu kidogo, kisukume polepole kwa kijiti cha mbao hadi kitoke upande wa pili. Upime matuta yaliyoinuka kwenye kipande hicho kwa maikromita, mara tatu. Kichwa kinachofaa kinalingana na kipimo hicho au kuzidi kwa elfu moja ya inchi. Kisha jaza risasi ya mfano isiyo na baruti wala fataki, uone kama inaingia kwenye chemba kwa dole gumba bila kulazimishwa. Ikibana shingoni, shingo haitakuwa na nafasi ya kutanuka kukiachia kichwa, na shinikizo litapanda hata kwa kipimo halali. Vichwa vya 0.429 vya Magnum ambavyo bila shaka rafiki yako atakupa bure vitaishia hapo mara nyingi.

Ukianza kumimina vichwa mwenyewe, fanya nje au penye hewa, na tone la maji lisikaribie chungu: maji yakiingia kwenye madini yaliyoyeyuka yanalipuka kuwa mvuke na kukurushia usoni. Miwani ya kinga wakati wote. Madini ya risasi ni sumu, na inawadhuru watoto kuliko sisi. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake, mikono ioshwe kabla ya kumbeba mtoto, na hakuna chai wala chakula kwenye meza ya kujazia. Mwambie daktari wako unafanya kazi hiyo, atakupima kiwango cha risasi kwenye damu.

Upande wa sheria, Marekani haidai leseni ya shirikisho kwa mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Kujaza kwa ajili ya kuuza kunaidai. Majimbo na miji vina kanuni zake za kuhifadhi baruti nyumbani, uliza ofisi ya zimamoto ya kwenu. Wewe una uraia, lakini ndugu wengine watasoma hapa: mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida amekatazwa kumiliki bunduki na hata risasi moja, isipokuwa kwa misamaha michache, leseni ya uwindaji ikiwa mojawapo. Muone mwanasheria kabla hujashika kitu. Na mlioko Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa kubwa. Msijaribu.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukufanyia. Bunduki yako, kabla ya mlio mwingine wowote, iende kwa fundi bunduki anayezijua za wenzo za kale. Ashike pini za goti aone kama zimelika, akague mtutu kwa mashimo ya kutu, achukue nakala ya umbo la chemba kwa kumimina, na apime nafasi kati ya kitako cha ganda na uso wa bolti. Mpelekee maganda matatu uliyokwisha kuyapiga, bila kuyasafisha. Kama fataki zake zimechomoza kidogo nje ya kitako, mwoneshe hilo la kwanza: kwenye risasi ya shinikizo dogo, fataki inasukumwa nyuma na ganda linabaki lilipo, kwa hiyo inachora wazi ukubwa wa nafasi iliyozidi. Kama ganda limechanika ubavuni, au lilikuwa gumu kutoka, mwambie pia.

Ukitaka kujua ilitengenezwa mwaka gani, Cody Firearms Museum huko Cody, Wyoming, jimbo jirani na lako, inahifadhi kumbukumbu nyingi za kiwanda cha Winchester na hutoa barua kwa namba ya bunduki. Nami ukishapata ile namba ya maikromita, niandikie kabla hujaagiza vichwa.